Mofini na figo zinazoziba: uchambuzi wa kisa cha tiba shufaa nyumbani

Mgonjwa anayeelezwa hapa ni mwanamke wa makamo, mjane, mama wa watoto watano, mkazi wa kijiji kimoja cha pwani ya Tanzania, ambaye saratani ya mlango wa kizazi ilimrudia baada ya tiba ya mionzi. Kisa chake nimekijenga kwa kuunganisha hali za wagonjwa wa aina yake ili isitambulike familia yoyote. Nimekichagua kwa sababu kinagusa jambo linaloniuma kuliko mengine katika kazi hii ya tiba shufaa, yaani kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa usiopona, nalo ni hofu ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kwa kiasi kikubwa hofu hiyo hailetwi na dawa yenyewe, bali na dawa iliyoanzishwa vizuri kisha ikaachwa kwenye dozi ileile huku mwili wa mgonjwa ukibadilika.

Damu ilianza kumtoka miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi. Kwa miezi alitibiwa kwa dawa za maambukizi, na alipofanyiwa uchunguzi kamili ugonjwa ulikuwa umefika hatua ya tatu B: uvimbe ulikuwa umegusa ukuta wa nyonga na kubana mrija mmoja wa mkojo. Alipelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapata mionzi, damu ikakatika, akarudi kijijini na kuendelea na biashara yake ya maandazi. Takriban mwaka mmoja baadaye maumivu yakarudi, mguu wa kushoto ukavimba, na mkojo ukaanza kuvuja ukeni bila kizuizi, kwa maana uvimbe ulikuwa umetoboa njia kati ya kibofu na uke. Hospitalini familia iliambiwa kwamba hakuna tena tiba ya kuuondoa ugonjwa. Waliporudi nyumbani walielewa kwamba hakuna tena tiba ya aina yoyote.

Timu ya tiba shufaa ilipofika mara ya kwanza, mgonjwa alikuwa amelala upande wa kulia, magoti yamekunjwa hadi tumboni, katika chumba cha uani kilichofukizwa udi mchana kutwa ili kuficha harufu. Sahani na kikombe chake vilikuwa vimetengwa. Wajukuu walisalimia kutoka mlangoni. Alipoombwa aonyeshe ukubwa wa maumivu kwa mkono, ngumi ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano vikiwa maumivu yasiyovumilika, alikunjua vidole vyote vitano, kisha akaomba radhi kwa harufu ya chumba kabla hajaulizwa lolote kuhusu harufu. Katika kisa hiki chote mimi hulirudia sana tendo hilo la kuomba radhi, kwa kuwa linaonyesha jinsi ambavyo uvimbe haukuwa shida yake pekee.

Maumivu yenyewe yalipoulizwa kwa utulivu yalionekana kuwa ya aina tatu. La kwanza lilikuwa zito, la kudumu, ndani ya nyonga na kiunoni. La pili lilishuka mguuni kama moto, likifuatana na ganzi na mishtuko ya ghafla, dalili ya mishipa ya fahamu iliyobanwa. La tatu lilikuwa la ngozi ya mapajani iliyochubuliwa na mkojo unaovuja. Mgonjwa anayesema tu kwamba anaumwa akipewa dawa moja kwa maumivu yote matatu, mawili yatabaki, na watu watasema dawa haifanyi kazi.

Dawa alizokuwa akitumia zilikuwa parasetamoli, tramadoli kila alipozidiwa, na diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa asubuhi na jioni. Diklofenaki ndiyo iliyoondolewa kwanza. Kwa mtu ambaye mirija yake ya mkojo imeanza kubanwa, dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo na kuharakisha kufeli kwake. Na ultrasaundi aliyofanyiwa wiki hiyo ilionyesha kuwa figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliozuiwa, huku kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo zinapodhoofika, ikiwa imepanda kupita kiwango cha kawaida, ingawa si kwa kutisha. Tramadoli nayo iliachwa, kwa sababu haina maana kuirundika pamoja na mofini.

Mofini ya maji ilianzishwa kwa miligramu 2.5 kila baada ya saa nne, dozi ndogo kwa makusudi kwa sababu ya figo, na ikapandishwa taratibu kwa siku kadhaa hadi 5, kisha 7.5. Ratiba iliandikwa ukutani kwa saa za Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Kama maumivu yangechomoza kabla ya saa, angepewa dozi moja ya ziada na tukio hilo lingeandikwa. Binti mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mwuguzaji, alifundishwa kupima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, akawekewa alama ya kalamu kwenye mstari. Tangu siku ya kwanza mgonjwa alipewa bisakodili ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu na mwili hauzoei hali hiyo hata dawa ikitumika muda mrefu. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu aliongezewa amitriptilini miligramu 12.5 usiku na deksamethasoni asubuhi baada ya kula.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa neno «kila». Familia ilitaka kuitunza dawa kwa ajili ya siku mbaya zaidi. Mjomba wa watoto, kaka mkubwa wa mgonjwa, alisema waziwazi: «Akitumia sasa hivi, atakapozidiwa atapewa nini?» Swali hilo ni la busara na linastahili jibu kamili. Alijibiwa kwamba mofini haina kikomo cha dozi kama kile cha parasetamoli, hivyo ugonjwa ukizidi dawa huongezwa. Na kwamba maumivu yakiachwa yapande hadi juu, huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha kuliko kuyazuia yasipande. Baada ya wiki moja mgonjwa alikuwa akionyesha kidole kimoja, wakati mwingine viwili. Aliketi barazani jioni.

Harufu ilipungua kwa njia rahisi ambayo ilipaswa kuelezwa tangu siku aliyoruhusiwa hospitalini: vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kuwekwa ukeni, kuoshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na pedi za vitambaa vya khanga kuukuu zilizobadilishwa mara kwa mara. Ngozi ilipakwa mafuta mazito ya kuzuia maji kila baada ya kuoshwa na kukaushwa. Kwa kuwa damu ingeweza kumwagika kwa wingi siku yoyote, binti alishauriwa aweke karibu khanga za rangi nyekundu iliyoiva na nyeusi, kwa sababu damu kwenye shuka jeupe humtia hofu mgonjwa na kila aliyemo chumbani. Na traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, ilitumika kwa siku chache damu ilipozidi, kwa dozi iliyopunguzwa kwa ajili ya figo.

Baada ya maumivu kutulia ndipo yalipojitokeza mambo ambayo maumivu yalikuwa yameyafunika. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Kwa mama huyu hilo lilikuwa na sura halisi kabisa. Alikuwa ameacha kusali. Aliamini kwamba mtu anayevuja mkojo na usaha saa zote hana twahara, na kwamba atakutana na Mola wake akiwa na deni la miezi ya sala. Hakuna dawa katika kabati letu inayotibu hilo. Aliitwa mwalimu wa kike wa madrasa ya jirani, akaketi naye na kumweleza kuwa mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, na sala yake ni sahihi hata kama kinachotoka kinaendelea kutoka. Na kwamba anaweza kusali akiwa amekaa au amelala. Binti alisema baadaye kwamba usiku ule mama yake alilala vizuri kuliko usiku wowote tangu mofini ianze.

Mjomba alikuwa ameomba mgonjwa asiambiwe kwamba ugonjwa hauponi. Ombi la namna hii tunalisikia nyumba baada ya nyumba, na linatokana na upendo; kulijibu kwa kanuni za haki ya mgonjwa mbele ya mzee wa ukoo ni kufunga mlango. Alijibiwa hivi: «Mjomba, hatutamwambia asilouliza. Lakini akituuliza, hatutamdanganya.» Alikubali kwa shingo upande. Haikuchukua muda mgonjwa akamuuliza muuguzi aliyekuwa akimfunga pedi: «Mwanangu, safari yangu imebaki kiasi gani?» Muuguzi alimwuliza yeye mwenyewe anaionaje. Akasema anaona imekaribia, na kinachomsumbua ni deni la kikoba na ndugu yake wa kike ambaye hawajasemeshana kwa muda mrefu. Hakuwa na haja ya hotuba kuhusu saratani. Deni lililipwa na watoto, dada mtu akafika, wakatakana radhi mlango ukiwa umefungwa. Mjomba aliyehofia kwamba dada yake angevunjika moyo aliona kinyume chake.

Mambo yalibadilika karibu wiki ya tano. Binti alipiga simu kwa furaha akisema mkojo umepungua sana, pedi zinakaa kavu nusu siku. Siku mbili baadaye akapiga tena, safari hii akiwa na hofu: mama analala muda wote, mikono inarukaruka, anaongea na watu wasiokuwepo, na wazee wa nyumba wanasema marehemu wamekuja kumchukua. Wengine walisema ni ile dawa. Mjomba alikwisha kuificha chupa.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Simu ya kwanza ilikuwa na habari kubwa kuliko ya pili. Kwa mgonjwa mwenye fistula ya kibofu, yaani ile njia iliyotoboka kati ya kibofu na uke, pedi kavu si nafuu; ni dalili kwamba mkojo hautengenezwi au haufiki kibofuni, yaani mirija yote miwili imeziba. Ini huibadilisha mofini kuwa kemikali mbili za glukuronaidi, na hizo hutolewa mwilini na figo. Moja ina nguvu ya kutuliza maumivu na kupunguza upumuaji kama mofini yenyewe au zaidi. Nyingine huchochea mishipa ya fahamu, ikileta kurukaruka kwa misuli na kuchanganyikiwa. Figo zikifunga, dozi iliyokuwa ikitosha huanza kujilimbikiza juu ya dozi ya jana. Hakuna aliyekosea kupima na chupa haikuwa na tatizo. Mwili uliokuwa ukipokea dozi hiyo ndio uliobadilika.

Alipofikiwa, alikuwa na usingizi mzito lakini aliamka alipoitwa na kuguswa, mboni za macho zikiwa ndogo mno, pumzi kumi kwa dakika. Vipimo vya damu vilivyopelekwa hospitali ya wilaya vilionyesha kreatinini iliyopanda mara kadhaa kuliko awali. Naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini mwilini, haikutolewa, na uamuzi huo unahitaji kuelezwa kwa sababu katika wodi nyingi ndio wa kwanza kufikiriwa. Mgonjwa aliyekuwa akipumua mara kumi na kuamka akiitwa hakuwa hatarini mara moja. Naloksoni kwa dozi ya kawaida ya dharura ingeirudisha fahamu pamoja na maumivu yote ya vidole vitano kwa mkupuo, katika nyumba isiyo na kitu kingine cha kuyashika. Kilichofanyika ni kusimamisha dozi zilizofuata, kumhesabia pumzi kila saa, na kumwelekeza binti kwamba zikishuka chini ya nane au mama asipoamka kabisa apige simu papo hapo. Amitriptilini ilisimamishwa. Haloperidoli kidogo usiku ilitolewa kwa ajili ya kuona watu wasiokuwepo na kichefuchefu, ambacho kufeli kwa figo huleta hata bila mofini. Usiku wa pili alifumbua macho, akaomba uji, akauliza kwa nini chumba kimejaa watu.

Maumivu yaliporudi kidogo, mofini ilirudishwa kwa miligramu 2.5, si kila saa nne tena bali kila saa nane, na kwa muda fulani kwa kuhitaji tu. Penye fentanili au methadoni tungefikiria kubadilisha dawa, kwa kuwa hizo hazitegemei figo kwa kiwango hicho. Vijijini kwetu chaguo hilo kwa kawaida halipo, na kupunguza dozi pamoja na kurefusha muda ndilo tulilonalo. Linatosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Naomba tuitazame ile chupa iliyofichwa. Mjomba hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake dada yake akizama usingizini kwa dawa aliyoambiwa haina madhara makubwa, na kama angekufa usiku ule, kijiji kizima kingejua kwa miaka mingi kwamba mofini inaua, na mgonjwa wa nyumba ya pili angeikataa. Anayepaswa kuuzuia ushahidi wa namna hiyo ni sisi tunaoandika dozi: kwa kuuliza kuhusu mkojo katika kila simu na kila ziara, kwa kupima figo mapema kwa kila saratani ya nyonga, na kwa kumwambia mwuguzaji tangu mwanzo, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba usingizi mpya, mikono inayorukaruka na mkojo unaokauka ni mambo ya kupiga simu siku hiyohiyo. Mzee aliombwa radhi kwa kutoelezwa mapema kwamba siku kama ile ingeweza kufika, naye akaitoa chupa.

Ufuatiliaji wa namna hii unategemea mtu wa karibu anayeruhusiwa kubadilisha dozi. Uganda ililitambua hilo mwaka 2004 ilipowaruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini, baada ya kazi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993. Penye kulazimika kusubiri sahihi ya daktari aliye mbali, dozi ya jana hubaki kuwa dozi ya leo.

Swali la mirija lilijadiliwa na mgonjwa mwenyewe akiwa amezinduka. Hospitali ya rufaa ingeweza kumtoboa mgongoni na kuweka mirija ya kutoa mkojo moja kwa moja kutoka kwenye figo, na huenda angepata miezi zaidi. Lakini ugonjwa uliorudi baada ya mionzi ungeendelea kukua, mirija hiyo huziba na kuingiwa na maambukizi, na safari ingekuwa ya barabara ndefu akiwa na damu inayotoka. Wako wagonjwa ambao kwao uamuzi sahihi ni kwenda: mwanamke ambaye hajapata tiba ya mionzi kabisa, kwa mfano, ambaye figo zikifunguliwa anaweza kutibiwa. Huyu alisema anataka kubaki na watoto wake. Mjomba ndiye aliyempa jibu: «Dada, umesema. Tumesikia.»

Siku za mwisho zilikuwa na mgogoro mmoja tu, wa dripu. Mgonjwa aliacha kula, kisha akaacha kunywa, na ndugu waliokuja kutoka mjini walidai apelekwe akawekewe maji. Kumwacha mtu afe na kiu ni jambo zito, na hawakupaswa kukemewa. Walielezwa kwamba figo hazitoi tena mkojo, hivyo maji ya dripu yangejaa kwenye mapafu na miguu na kumfanya apumue kwa kukoroma. Na kwamba kiu anayoisikia ipo mdomoni, ambako wao wenyewe wanaweza kuiondoa. Walionyeshwa jinsi ya kulowanisha midomo na ulimi kwa pamba na maji kila baada ya muda mfupi, na kupaka mafuta ili midomo isikauke. Kazi hiyo waligawana kwa zamu, hata wajukuu waliokuwa wakisalimia kutoka mlangoni.

Aliposhindwa kumeza, dozi ndogo za mofini ziliwekwa ndani ya shavu, na haiosini, dawa ya kupunguza makohozi, ilitolewa kwa sindano chini ya ngozi na muuguzi wa zahanati pumzi zilipoanza kukoroma kwa makohozi. Sauti hiyo huwatesa wanaosikia zaidi ya anayeitoa, na ni vyema waambiwe kabla. Alielekezwa kibla, ikasomwa Yasini, akatamkishwa shahada. Alifariki asubuhi, siku ya tatu tangu aache kunywa.

Baada ya matanga timu ilirudi kuchukua mofini iliyobaki, kwa kuwa ni dawa inayohesabiwa. Binti alisubiri wageni waondoke ndipo akauliza alichokuwa amekibeba: dozi ya mwisho alimpa yeye, alfajiri, na mama akafa kabla jua halijachomoza vizuri, je, ndiye aliyemuua? Alijibiwa kwa hesabu, si kwa kumbembeleza tu. Daftari la dozi lilifunguliwa. Miligramu 2.5 ile ilikuwa theluthi ya dozi aliyoimeza kila saa nne wakati anaketi barazani. Pumzi alizoandika binti mwenyewe usiku ule zilikuwa zimekwisha kubadilika, zikikatika na kurudi, saa nyingi kabla ya dozi. Mikono na miguu ilikuwa imeanza kupoa tangu jioni. Kwa mtu anayefariki huku akipewa dawa kwa saa, lazima iwepo dozi itakayokuwa ya mwisho, na lazima uwepo mkono ulioitoa. Maelezo haya binti alipaswa kuyapata wiki nzima kabla, wakati mama yake angali anapumua, na sasa yapo katika mambo anayoambiwa kila mwuguzaji siku anayokabidhiwa chupa.